M-Pesa, benki au USDT: hela yako ipite wapi?

Mwezi uliopita nilikuwa dukani kwa rafiki yangu Kariakoo, anauza vipuri vya pikipiki, simu yake ikalia. Muuzaji wake wa Guangzhou alikuwa amemtumia ujumbe wa WeChat: mstari mmoja wa herufi na tarakimu zilizochanganyika, 34 kwa hesabu, ukianza na T kubwa. Chini yake: USDT, TRC20. Akautazama, akaukuza kwa vidole viwili, akaniuliza, "Hii ndiyo akaunti namba? Mbona haina jina la mtu?"

Mabishano mengi kuhusu kama kripto, yaani sarafu za mtandaoni, inaweza kushindana na njia tulizozizoea huwa hayafiki popote, kwa sababu yanauliza swali moja kwa safari tofauti. Hela ya chapati, hela ya mama aliyeko Tanga na hela ya mzigo wa China hazipiti njia moja. Kwa hiyo nitazipima moja moja. Nikutangulizie tu: kwenye chapati kripto imeshindwa. Kwa mama inategemea anayetuma yuko wapi. Kwenye mzigo ndiko ilikopata wateja, na wengi wao hawakuifuata kwa uzuri wake. Wameifuata kwa kuchoshwa na benki.

Kripto ipi kwanza?

Ukisema kripto, wengi wanafikiria bitcoin. Kama njia ya kulipa, bitcoin tuiweke pembeni mapema. Ilianza Januari 2009, na mtandao wake unafunga bloku moja, yaani fungu la miamala, kila baada ya dakika 10 hivi. Kwa dunia nzima inapitisha miamala kama saba kwa sekunde, wakati mitandao ya kadi hupitisha maelfu. Foleni ikijaa, ada hupanda: tarehe 20 Aprili 2024, siku malipo ya wachimbaji, wale wenye kompyuta zinazofunga bloku, yalipokatwa nusu, wastani wa ada ya muamala mmoja ulizidi dola 100. Bei nayo haitulii. Novemba 2021 bitcoin moja ilikaribia dola 69,000, mwaka mmoja baadaye ikawa chini ya 17,000, na Desemba 2024 ikavuka 100,000. Mwenye duka hawezi kupangia bei ya unga kwa kipimo kinachovutika na kusinyaa namna hiyo.

Kuna kisa cha mtu wa Florida aliyetoa bitcoin 10,000 kwa pizza mbili, Mei 2010. Watu hukisimulia wakicheka hasara yake. Mimi nakiona kwa upande wa pili: ukishakisikia, utalipia nini kwa bitcoin tena? Anayeamini itapanda haitoi, na anayeamini itashuka haipokei.

Inayolipiwa kweli, Kariakoo, Nairobi au Kampala, ni USDT, dola ya kidijiti iliyoletwa mwaka 2014 na kampuni ya Tether. Kampuni inaahidi kwamba nyuma ya kila USDT moja kuna mali yenye thamani ya dola moja, sehemu kubwa ikiwa ni hati za serikali ya Marekani. Bei yake haiyumbi kama ya bitcoin, ndiyo maana huitwa sarafu thabiti. Usilichukulie jina hilo kama dhamana, hata hivyo. Mei 2022 sarafu iitwayo UST, nayo ikijiita thabiti, iliporomoka ikaisha ndani ya siku chache. Machi 2023 nyingine, USDC, ambayo watu wengi huiona makini kuliko zote, ilishuka hadi kama senti 88 za dola kwa sababu dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa zimekwama katika benki ya Silicon Valley Bank iliyofungwa. Ilirudi sawa baada ya siku chache, lakini aliyeuza Jumamosi ile kwa hofu hakurudishiwa chake.

Kuanzia hapa nikisema kripto, nina maana ya USDT.

Chapati mbili na maharage

Mama ntilie wa nyuma ya ofisi yetu amebandika lipa namba yake kwenye ndoo ya maji ya kunawa. Unabonyeza *150*00#, unaweka namba, jina lake linatokea, unathibitisha, simu yake inalia. Hana bando na hahitaji. Simu yake ni kitochi cha vitufe, betri inakaa siku tatu. Akitaka taslimu, wakala yuko hatua ishirini, kwenye kibanda cha soda.

Hilo ndilo kripto inalopaswa kulishinda, na haijakaribia. Inataka simu janja na intaneti. Inataka utunze maneno 12 au 24 ya siri ambayo ukiyapoteza hakuna ofisi ya kwenda kulia. Tena ukiwa na USDT kwenye mtandao wa Tron (ndio ile TRC20 ya ujumbe wa Guangzhou), ada ya kutuma inakatwa kwa sarafu nyingine, TRX, kwa hiyo unaweza kuwa na USDT 50 na ukashindwa kutuma hata moja. Ni kama kupanda daladala na noti ya dola mia: hela unayo, konda haitaki.

Na gharama? Kenya, kumtumia mtu shilingi 1,000 kwa M-Pesa hukatwa kama 13, naye akienda kutoa hukatwa kama 29. Jumla 42, yaani zaidi ya asilimia 4. Kwa anayeishi kwa vibarua hilo ni kato kubwa. Lakini shilingi 1,000 za Kenya hazifiki dola nane, na kutuma USDT kwa Tron mara nyingi hukula dola nzima au zaidi. Hapo tumeshapita asilimia 12, kabla mpokeaji hajatafuta wa kumchenjia. Kwa hela ndogo, simu inashinda kwa mbali.

Mshindani wa kweli wa M-Pesa ni taslimu. Julai 2021 serikali ya Tanzania ilipoweka tozo juu ya miamala ya simu, wengi niliowajua hawakukimbilia kripto. Walirudi kwenye noti. Mwenye duka wa mtaani kwetu aliandika kwa chaki: "Leta keshi, upunguziwe." Tozo ilipunguzwa mwezi Septemba mwaka huohuo, na baadaye ikapunguzwa tena.

Kama unahitaji ushahidi mkubwa kuliko ndoo ya mama ntilie, uko El Salvador. Septemba 2021 nchi hiyo iliifanya bitcoin kuwa fedha halali, na serikali ikampa kila aliyejisajili kwenye pochi yake (programu ya simu ya kutunzia sarafu) bitcoin ya dola 30. Wengi walichukua zile 30, wakazitumia, wakaiacha pochi. Januari 2025 bunge likabadili sheria, ikawa hiari ya mfanyabiashara kupokea au kukataa, baada ya makubaliano ya mkopo wa dola bilioni 1.4 na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kibera, Nairobi, kuna wauzaji na vijana wa kukusanya taka wanaolipana kwa bitcoin kupitia mradi mmoja wa eneo la Soweto West. Unapendeza kuutazama, ila wanaoutumia wanaishi mtaa mmoja na wanajuana.

Hela ya mama

Dada yangu yuko Muscat. Kila mwisho wa mwezi anakwenda duka la kubadilisha fedha pale Ruwi na rial 100, ambazo ni dola 260, kwa kuwa rial imefungwa kwa dola kwa kiwango kilekile tangu 1986. Anakatwa rial moja na kitu, wanamchenjia kwa kiwango kilicho chini kidogo ya soko, na kabla hajavuka barabara mama ameshapata ujumbe kwenye simu yake Tanga.

Mwaka jana kijana wetu mmoja alimshawishi ajaribu USDT. Nikakaa nikapiga hesabu naye kwenye bahasha. Anunue USDT kupitia soko la P2P, yaani la mtu kwa mtu mtandaoni, muuzaji anaongeza kama asilimia moja: dola 2.60. Atume: dola moja na nusu. Mama auze, mnunuzi anapunguza asilimia nyingine moja: dola 2.60 tena. Kisha mnunuzi anamtumia mama shilingi kwa M-Pesa, na mama anakatwa kutoa kama kawaida. Karibu dola saba kwenye 260, na mama yetu mwenye miaka 71 amekwisha kufanywa dalali wa fedha za kigeni. Dada akachana bahasha.

Ningekuwa na ndugu sehemu nyingine, hesabu ingegeuka. Kwa wastani, kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara hula takriban asilimia 8, kwa hesabu za Benki ya Dunia, na lengo la kimataifa ni kushuka hadi 3 ifikapo 2030. Wastani huo unaficha mengi: toka Ghuba ni nafuu kwa sababu maduka yanagombania wateja, lakini baina yetu wenyewe Waafrika ndiko kwenye maumivu. Tanzania kwenda kwa majirani kupitia benki imekuwa ikitajwa mara kwa mara miongoni mwa njia ghali kuliko zote duniani. Unamtumia mtu Kigali kupitia benki, hela inazunguka New York kwanza. M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania ziliunganishwa 2015 na zimepunguza adha hiyo kwa njia hiyo moja. Kwa njia ambazo simu hazijaunganishwa, USDT inaweza kuwa nafuu kweli, mradi pande zote mbili wapo watu wanaoijua. Kijana kwa kijana, sawa. Kijana kwa bibi, hapana.

Na zingatia jambo moja ambalo wauzaji wa kripto hulipitia haraka: safari ya katikati ndiyo rahisi, mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea ndiyo ghali. Na mlango wa kutokea, kwetu, ni M-Pesa.

Mzigo wa China

Turudi Kariakoo, maana hapa ndipo penye mjadala wa haki.

Rafiki yangu alitakiwa kulipa dola 8,000. Njia ya benki inakwenda hivi: anapeleka ankara ya muuzaji, anajaza fomu, anakuwa na dola au anaomba auziwe. Mwaka 2023 na 2024, dola zilipoadimika, kuomba kuuziwa kulimaanisha kusubiri, wakati mwingine wiki. Zikipatikana, benki inatuma kwa SWIFT, mtandao wa mabenki wa kuagizana malipo ya kimataifa. Inakata ada yake, benki ya katikati inakata ya kwake bila kuuliza, na siku mbili tatu za kazi zinapita. Ukituma Ijumaa mchana, hesabu Jumatano. Muuzaji wa Guangzhou hapakii mpaka aone hela, na meli haimsubiri mtu.

Njia ya pili: kuna mtu ghorofani mtaa wa pili, ana USDT. Unampa shilingi, anatuma palepale, na muuzaji anajibu "imeingia" kabla chai haijapoa. Jumapili, sikukuu, saa tano usiku, haijalishi. Mtandao umekata dola moja mbili, iwe umetuma 80 au 8,000. Kwa kasi na kwa ada ya njiani, benki haina la kujibu hapa.

Lakini bei ya yule wa ghorofani ni juu ya bei ya benki. Wakati wa uhaba tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba ile nafuu ya ada ilikuwa imemezwa mara kadhaa. Mfanyabiashara halipii unafuu, analipia upatikanaji. Dola zilipoanza kuonekana tena benki, wapo waliorudi huko. Ndiyo maana nikasema pale juu kwamba ushindi huu si wa kripto peke yake. Nusu yake ni kushindwa kwa benki, na benki ikijirekebisha unapungua.

La pili ni karatasi. Benki inakupa hati ya muamala: tarehe, kiasi, jina la aliyelipwa. Mzigo ukifika bandarini na mtu wa forodha akabisha kuhusu thamani uliyoandika, hati hiyo ndiyo inakusemea. Mwisho wa mwaka ukitaka gharama zako zikubalike kwenye hesabu za kodi, ni hiyohiyo. Ule mstari unaoanza na T hauna jina la kampuni. Unaonekana na kila mtu duniani, hausemi ni wa nani.

La tatu, na hili rafiki yangu hakuwa analijua: mwezi Septemba 2021 China ilitangaza kuwa biashara zote za sarafu za kripto ni haramu. Muuzaji anayekutaka ulipe USDT huenda anakwepa kitu kwao. Akikudhulumu, huna pa kumshitaki kwake, na kwako utaanza kwa kueleza kwa nini ulilipa hivyo.

Ikikwama

Niliwahi kukosea tarakimu moja nikatuma 150,000 kwa mtu nisiyemjua. Nilipiga huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki dakika arobaini, nikaambiwa hela imezuiwa kwenye akaunti yake ila ni lazima akubali kuirudisha. Ilichukua siku sita na maneno mengi. Nilikasirika kweli, lakini hela ilirudi. Kenya wana utaratibu mwepesi zaidi, unapeleka ujumbe wa muamala kwenda 456. Kadi ya benki nayo ina njia ya kupinga malipo.

Binamu yangu alituma USDT 300 kwa anwani sahihi, mtandao usio sahihi. Anwani za Tron huanza na T, ila za mtandao wa Ethereum na za mitandao mingine kadhaa zote huanza na 0x, na zipo pochi zinazokubali yote, lakini soko alilotumia lilikuwa halipokei sarafu ile kwa mtandao ule. Aliandika barua pepe tatu. Hadi leo akifungua ukurasa wa kumbukumbu za mtandao anaziona zile 300, zimetulia, hazimhusu. Kinachochekesha, kama kinachekesha, ni kwamba Tether yenyewe ina uwezo wa kufungia USDT iliyopo kwenye anwani yoyote, na hufanya hivyo vyombo vya dola vikiomba. Yaani kuna bwana mkubwa wa mfumo, ila hapokei simu yako.

Kuhifadhi ni habari hiyohiyo. Salio lako la pesa ya simu limewekwa benki kwenye akaunti ya amana, chini ya usimamizi wa Benki Kuu, na tangu Tigo Pesa ilipoanzisha mtindo huo mwaka 2014, wateja wa Tanzania wamekuwa wakigawiwa hata faida yake. Waliohifadhi kripto kwenye soko la FTX waliamka Novemba 2022 wakakuta milango imefungwa, wakakaa miaka wakisubiri mahakama ya Marekani.

Na wanaosema "weka akiba kwenye USDT, shilingi inaanguka", wamuulize Mkenya aliyenunua Januari 2024 dola ikiwa karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa 130. Karibu moja ya tano imeyeyuka, na USDT haikuyumba hata senti.

Sheria inasemaje

Tanzania, tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lilisema sarafu hizi hazitambuliwi na kwamba fedha halali ni shilingi. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Mwanza aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa na sarafu za mtandaoni. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijiti. Kwa hiyo unakatwa kodi kwa kitu ambacho kwenye malipo hakitambuliwi. Wanasheria wana maelezo yao juu ya hilo, mimi nakushauri umlipe mmoja akueleze kabla hujafanya biashara kubwa. Kenya wamekwenda mbele zaidi: kutoka onyo la Benki Kuu la 2015, kodi ya asilimia 3 ya 2023, hadi 2025 walipoifuta na kutoza ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma, kisha Oktoba wakapitisha sheria ya kuwapa leseni.

Ningechagua hivi

Hela ya kula, nauli, kodi ya chumba na ada ya shule: simu, au taslimu pale makato yanapouma. Kutoka Muscat au Dubai: duka la fedha au programu inayotua kwenye simu, ulinganishe kiwango cha kubadilishia na siyo ada tu, maana wizi mwingi umejificha kwenye kiwango. Mfanyakazi huru anayelipwa na mteja wa ng'ambo ambaye benki yake haimfikishii hela, hapo USDT ina maana, hasa ukiwa Kenya ambako sheria imeanza kukutambua. Uza kidogo kidogo kwa wanunuzi wenye historia ndefu, usiachie sarafu kwa kuonyeshwa ujumbe wa "umepokea", fungua menyu uone salio lenyewe. Meseji za kughushi ndizo zinazowaliza wengi kwenye P2P. Na hela ikiingia kutoka kwa jina lisilo la uliyekubaliana naye, irudishe. Ikija kugundulika ni ya wizi, akaunti inayofungwa ni yako.

Mzigo wa China: benki, hata kama inachosha. Anza siku kumi kabla.

Rafiki yangu alimwandikia muuzaji kwamba anataka akaunti ya kampuni yenye jina linalolingana na la kwenye ankara. Jibu lilichukua siku mbili, likaja na namba ya akaunti ya Hong Kong na bei iliyoongezeka dola 60. Akalipa. Ule mstari wa T bado upo kwenye simu yake, anasema siku benki ikimwambia tena "njoo wiki ijayo", ataufungua.